Leonhard Euler: Msuluhishi wa Maswali ya Mwendo

Takriban kila mwanafunzi wa uhandisi aliyelikabili somo la mekanika ameyaonja masaibu haya: mhadhiri hulitatua swali ubaoni, naye mwanafunzi huzifuata hatua zote hadi kwenye jibu huku akitikisa kichwa kwa kuridhika, mtihanini mteremko ukibadilishwa kidogo au kamba moja ikiongezwa, kalamu humkauka mkononi. Leonhard Euler, aliyekuja kuwa mwanahisabati mashuhuri kuliko wote wa karne ya kumi na nane, alikiri kero hiyo hiyo hadharani. Katika dibaji ya kitabu chake Mechanica, kilichotoka mwaka 1736, alieleza kwamba alipozisoma kazi za Isaac Newton na Jakob Hermann alidhani ameuelewa vyema ufumbuzi wa maswali mengi, lakini swali lilipogeuzwa kidogo tu, lilimshinda. Sehemu kubwa ya maisha yake ni jitihada ya kuliondoa tatizo hilo.

Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 mjini Basel, Uswisi. Baba yake, Paul, alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti na alikusudia mwanawe arithi mimbari. Kijana aliingia Chuo Kikuu cha Basel akiwa na umri wa miaka 13, na mwaka 1723 akapata shahada ya uzamili kwa kulinganisha falsafa ya Descartes na ile ya Newton. Johann Bernoulli, bingwa wa kalkulasi wa zama hizo, alikataa kumfundisha faraghani kwa kukosa wasaa. Badala yake alimtajia vitabu vya kusoma, akamruhusu aje kila Jumamosi alasiri na yale yaliyomtatiza. Yamkini ukali huo ulimfaa kuliko mafunzo ya kila siku, kwa kuwa ulimlazimu kupambana na swali wiki nzima kabla ya kubisha mlango wa mwalimu. Bernoulli ndiye baadaye aliyemshawishi mzee Paul amwachie mwanawe hisabati.

Mwaka 1727 Euler alifika St Petersburg, Urusi, kujiunga na Akademia ya Sayansi, siku ile ile aliyofariki Malkia Catherine wa Kwanza. Mambo ya akademia yaliyumba, hata kwa muda akawa luteni katika jeshi la majini. Mwaka 1733 alipewa kiti cha hisabati, na mwaka uliofuata akamwoa Katharina Gsell. Walijaliwa watoto 13, ambao watano tu ndio waliovuka utoto.

Hapo ndipo ilipozaliwa Mechanica. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alikuwa ameziweka sheria za mwendo, lakini hoja zake alizijenga kwa jiometria. Kila swali lilihitaji mchoro wake na ujanja wake, na ujanja wa swali moja haukumsaidia mtu katika jingine. Mlinganyo ambao wanafunzi huukariri leo, wa kani kuwa sawa na tungamo mara mchapuko, haumo kitabuni mwake kwa umbo hilo. Euler alichukua chembe, yaani kitu kinachohesabiwa kana kwamba tungamo lake lote limo katika nukta moja, akaufuata mwendo wake kwa kalkulasi. Kani alizigawa sehemu mbili: ile inayoelekea upande wa njia, ambayo huongeza au kupunguza mwendokasi, na ile inayoikata njia kwa pembe mraba, ambayo huipinda. Dereva anayekata kona barabarani huzihisi zote mbili, ingawa hazitaji kwa majina.

Mnamo mwaka 1738 jicho lake la kulia liliharibika. Mwaka 1741 alihamia Berlin kwa mwaliko wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia. Huko alikitafsiri kwa Kijerumani kitabu cha Mwingereza Benjamin Robins kuhusu mizinga, tafsiri iliyotoka mwaka 1745 ikiwa na maelezo marefu kuliko kitabu chenyewe, kwani upinzani wa hewa dhidi ya risasi ulikuwa swali la aina aliyoipenda. Mfalme hakumthamini ipasavyo. Alipendelea wasemaji hodari wa mezani, akalifanyia mzaha hata jicho lake moja.

Hata hivyo, Berlin ndiko alikoitoa kazi yake kuu katika uwanja huu. Mwaka 1750 aliisomea akademia ya huko makala yaliyochapishwa mwaka 1752, akitangaza kanuni mpya ya mekanika. Alikuwa akitafuta jinsi ya kuukokotoa mzunguko wa vitu vigumu, akaona kwamba ufunguo ni kuchagua mihimili mitatu isiyohama, kisha kuandika, kwa kila kipande kidogo cha kitu, mlinganyo mmoja kwa kila mhimili. Kanuni ilikuwa na asili kwa Newton. Alichogundua Euler ni kwamba ilitosha kuwa chanzo cha maswali yote.

Chukua sanduku la kilo 20 linaloteleza kwenye mteremko wa nyuzi 30. Litenge peke yake, chora kani zote zinazoligusa pamoja na uzito wake, kisha uweke mhimili mmoja sambamba na mteremko na wa pili wima juu yake. Kwenye mhimili wa pili hakuna mchapuko, hivyo mteremko unalisukuma sanduku kwa nyutoni 170 hivi. Msuguano usipokuwepo, mchapuko kwenye mhimili wa kwanza ni mita 4.9 kwa sekunde mraba. Msuguano ukiwa sehemu 0.2 ya msukumo huo wa nyutoni 170, mchapuko hushuka hadi 3.2. Aliyeongeza msuguano hakuhitaji ujanja mpya. Aliongeza neno moja tu katika mlinganyo ule ule.

Mwaka 1766 alirejea St Petersburg. Mtoto wa jicho ulilifunika jicho lake la kushoto, na upasuaji wa mwaka 1771 ukamwacha karibu kipofu kabisa. Mwaka huo huo nyumba yake iliungua, akaokolewa na fundi mwenzake wa Basel, Peter Grimm, aliyembeba mgongoni. Mwaka 1773 mkewe akafariki. Lakini mtu aliyeihifadhi moyoni Aeneis nzima ya Virgil hakushindwa kuhifadhi milinganyo: aliikokotoa kichwani, akawaimlia wanawe na wasaidizi wake, na mwaka 1775 alitoa wastani wa makala moja kila wiki.

Mnamo Juni 1783 ndugu wawili wa Kifaransa, akina Montgolfier, walirusha puto la hewa moto mbele ya umma, na habari zikaenea Ulaya nzima. Tarehe 18 Septemba mwaka huo Euler alizungumza na mwenzake Anders Lexell kuhusu njia ya sayari ya Uranus, na jioni yake akafariki kwa kuvuja damu ubongoni. Kwenye ubao wake zilikutwa hesabu za puto linalopaa: uzito, msukumo wa hewa juu, upinzani wa hewa, vyote kwenye mhimili mmoja wa wima. Akademia ya Paris ilizichapisha.