Georg Simon Ohm: Mwalimu Aliyeupima Ukinzani wa Umeme

Fundi wa redio katika barabara ya Luthuli, katikati ya jiji la Nairobi, hugusisha ncha mbili za kipimo chake kwenye waya kabla ya kufungua kinywa kutaja bei. Tarakimu inayojitokeza huisoma kwa omu. Ni wachache miongoni mwa wateja wake wajuao kwamba neno hilo lilikuwa jina la mwana wa fundi wa kufuli, mwalimu wa shule aliyebezwa na wasomi wa nchi yake.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 mjini Erlangen, Ujerumani ya leo. Baba yake, Johann Wolfgang, hakupata elimu ya kutajika, ila alijifunza mwenyewe hadi akaweza kuwafundisha wanawe hisabati na sayansi nyumbani. Mama yao alifariki Georg akiwa na umri wa miaka kumi. Mnamo 1805 kijana huyo alijiunga na Chuo Kikuu cha Erlangen, na huko akavutiwa zaidi na dansi, biliadi na kuteleza juu ya barafu kuliko vitabu. (Wanafunzi wa vyuo vyetu hawatashindwa kumwelewa.) Baba alihamaki, akamwondoa chuoni baada ya mihula mitatu. Georg akaenda Uswisi kufundisha hisabati, akawa anajisomea usiku, na aliporejea Erlangen alitunukiwa shahada ya uzamifu mwaka 1811.

Mwaka 1817 alipata kazi katika shule moja mjini Cologne iliyokuwa na vifaa vizuri vya fizikia. Hapo ndipo ustadi wa mikono aliourithi kwa baba ulipomfaa. Umeme wa betri za wakati huo ulikuwa kigeugeu: ulianza kwa kishindo kisha ukanywea, hata vipimo vya mwanzo visiafikiane na vya mwisho. Johann Christian Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, alimshauri aachane na betri. Ohm akaunganisha madini ya bismuthi na shaba, kiungo kimoja akakitia joto la maji yanayochemka, cha pili akakiweka kwenye barafu. Tofauti hiyo ya joto ilizalisha umeme hafifu lakini usioyumba. Akaupitisha katika nyaya za unene mmoja na urefu mbalimbali, huku sindano ya sumaku iliyoning'inizwa ikimwonyesha wingi wa mkondo.

Aligundua kuwa waya ukirefuka mkondo hupungua, na kwa mpango maalumu. Kwa lugha ya madarasa ya leo, volteji ikigawanywa kwa mkondo, jibu ni ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita. Na maadamu halijoto haibadiliki, ukinzani wa waya huo wa shaba nao haubadiliki. Hesabu ya nguvu, ambayo vitabu vya shule huifunga pamoja na kanuni hii kana kwamba ni za mtu mmoja, ilitoka kwingine. Mwingereza James Prescott Joule ndiye aliyechapisha mwaka 1841 kwamba joto la waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kisha kwa ukinzani.

Nairobi, nyumba hupewa volti 240. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5, na ukinzani wake ni omu 48. Sasa tuseme pasi hiyo iko Kawangware au Kangemi, na umeme wake unapitia waya mwembamba, mrefu, wenye ukinzani wa omu 2. Ampea 5 zikipita, volti 10 hupotea njiani na wati 50 hugeuka joto ndani ya waya. Jirani akichomeka pasi ya pili na mkondo ukafika ampea 10, joto hilo huwa wati 200. Mkondo umeongezeka mara mbili, joto mara nne, na plastiki ya waya imelalia ubao chini ya paa la mabati.

Ohm alichapisha kitabu chake mjini Berlin mwaka 1827, akitumaini kingempatia kiti cha chuo kikuu. Hakikumpatia. Wapo wasomi waliodhani siri za maumbile hufumbuliwa kwa falsafa tupu, wala si kwa waya na sindano. Wengine hisabati yake iliwatoa jasho. Alijiuzulu Cologne mwaka 1828, akaishi miaka kadhaa kwa vibarua vya kufundisha hadi alipoajiriwa katika chuo cha ufundi cha Nuremberg mwaka 1833. Heshima ilitoka ugenini: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunuku nishani ya Copley. Uprofesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich, alioutamani tangu ujana, aliupata mwaka 1852. Aliufaidi miaka miwili tu. Aliaga dunia tarehe 6 Julai 1854, bila mke wala mtoto.

Mnamo 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Paris ulilipitisha jina lake kuwa kipimo cha ukinzani. Mhandisi Clement Hirtzel alipopewa idhini ya kusambaza umeme Nairobi mwaka 1908, Ohm alikuwa kaburini kwa zaidi ya nusu karne, na jina lake lilikuwa limekwisha kuwa msamiati wa mafundi.