Padiri Haazen na misa iliyotoka Kamina

Mwaka 1958 watoto karibu 45 na walimu 15 walitoka Kamina kuenda kuimba Ulaya. Waimbe nini? Korali nyingi za misioni wakati ule zingebeba nyimbo za Wazungu na kusifiwa. Padiri Guido Haazen alishika njia ingine.

Mfransisko huyu, mzaliwa wa Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1921, alifika Kongo mwaka 1953, akasimamia masomo ku Kamina. Hakukawia kuanzisha korali ya wanafunzi na walimu, Les Troubadours du Roi Baudouin.

Maneno ya misa yalibaki Kilatini, lakini hakuna aliyepewa karatasi ya noti. Waimbaji walitafuta sauti wenyewe katika mazoezi, mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, ngoma nyuma yao. Hapo ndipo kazi ya kuchagua ilipokuwa nzito: kilio kiende wapi, furaha iende wapi? Kyrie ilifuata kasala, namna ile ya Baluba ya kulilia wafu. Katika Credo, panapofika kusulubiwa kwa Kristo, kyondo inalia kama inavyotangaza kifo kijijini. Sanctus ikawa wimbo wa kuagana. Hosanna ikapata mdundo wa dansi ya Kasai, na Agnus Dei ikatoka kwa Bena Lulua.

Missa Luba iliimbwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya St. Bavo, Kamina kwenyewe. Kisha safari: Ubelgiji kwenye maonyesho makubwa ya Brussels, Uholanzi, Ujerumani. Nje ya misa waliimba pia nyimbo za ndoa, za kazi, hata za askari, kama Banaha, ambayo korali za mbali zinaimba mpaka leo.

Disiki ikatembea kuliko watoto wenyewe. Pasolini alitia Gloria katika filamu yake ya Injili ya Matayo, 1964. Mwaka 1968 Sanctus ikasikika katika filamu ya Uingereza, If...., na mwaka uliofuata wanunuzi wa disiki kule wakaigombania.

Haazen alikufa mwaka 2004. Kwenye disiki ni jina lake linaloonekana mbele, na kweli bila yeye safari isingekuwa. Ila sauti zilitoka vinywani mwa wengine. Joachim Ngoi, mwalimu aliyeongoza kuimba, bado anatajwa. Watoto wale karibu 45, ni nadra kusikia hata jina moja.