Likasi: Louis Pasteur, baba aliyefiwa na binti wawili kwa tifoidi

Louis Pasteur alizaliwa Dole, Ufaransa, tarehe 27 Desemba 1822, mwana wa mtengenezaji ngozi. Tifoidi, ugonjwa unaoletwa na maji machafu, ilimuua binti yake mmoja mwaka 1859 na mwingine 1866. Mwaka 1868 alipooza upande wa kushoto, lakini hakuacha kazi. Kitabu chake cha 1876 kuhusu bia kilieleza chachu inayoshikamana na kutua chini. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895.

Baadaye wataalamu walipata bakteria zinazotoa ute wa kunata, unaokusanya tope la maji mpaka lishuke. Kwa Likasi, mji wa shaba, elimu hiyo ina faida: tope likiondoka, klorini inaua mikrobi kwa urahisi zaidi.