Graham Bell: Aliyetuma sauti kwa mwanga, dunia ikamkumbuka kwa simu tu

Alexander Graham Bell anajulikana kila kona kama baba wa simu. Wasichojua wengi ni kwamba mzee huyo, mpaka anakaribia kufa, aliamini simu haikuwa kazi yake kubwa kuliko zote. Kubwa kwake ilikuwa mashine ya kusafirisha sauti kwa mwanga wa jua, bila waya.

Na kama nyumba yako ya Tegeta au Mbagala imefungwa faiba, wazo lake hilo lipo ukutani kwako sasa hivi, ndani ya kile kiboksi kinachowakawaka taa.

Bell alizaliwa Edinburgh, Scotland, Machi 3, 1847. Mama yake alikuwa na uziwi, baba yake mwalimu wa matamshi. Kifua kikuu kiliwaua ndugu zake wawili, wazazi wakaogopa kumpoteza na wa tatu. Mwaka 1870 wakahamia naye Canada. Mwaka uliofuata alikuwa Boston, Marekani, akifundisha viziwi. Huko akampenda mwanafunzi wake, Mabel Hubbard, aliyepoteza kusikia akiwa na miaka 5. Walioana Julai 1877.

Hati ya simu aliipata Machi 1876. Elisha Gray naye alikuwa amepeleka karatasi zake siku ileile aliyopeleka Bell, na ubishi wa nani alitangulia haujaisha hadi leo. Jingine linalomtia doa: alipinga lugha ya alama mashuleni, na viziwi wengi hawajamsamehe.

Pesa ya simu ilipoanza kuingia, jamaa hakutulia. Februari 1880, akiwa na msaidizi wake Charles Sumner Tainter huko Washington, alifanikisha kile alichokiita fotofoni. Siku chache kabla mkewe alikuwa amejifungua binti wa pili, na Bell akataka mtoto aitwe Photophone! Mabel akagoma. Mtoto akaitwa Marian.

Ilifanyaje kazi? Mtu anaongea nyuma ya kioo chembamba, kioo kinatikisika, na mwanga wa jua unaogonga kioo hicho unaongezeka na kupungua kwa kufuata sauti. Upande wa pili kuna seleniamu, madini yanayopitisha umeme zaidi yakimulikwa, imeunganishwa na betri na simu ya kusikilizia. Juni 3, 1880, Tainter alipanda juu ya paa la Shule ya Franklin na kumwambia Bell apunge kofia kama anasikia. Bell, mita 213 kutoka hapo, akapunga.

Lakini wingu likipita, mazungumzo yamekatika. Wafanyabiashara wakabaki na waya. Bell alifariki Agosti 2, 1922, na siku ya maziko simu za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja. Fotofoni haikutajwa sana.

Kilichokosekana ni mwanga unaotii. Jua halina swichi, ndiyo maana alihangaika na kioo. Mwaka 1962 Robert Hall wa kampuni ya General Electric akawasha leza ya semikondakta, kijipande kidogo ambacho mwanga wake unafuata umeme: ongeza umeme unapanda, punguza unashuka. Mwaka 1970 maabara yenye jina la Bell mwenyewe ikaifanya iwake mfululizo katika joto la kawaida la chumbani, kama walivyofanya wenzao wa Leningrad mwaka huohuo.

Kiboksi cha nyumbani kinatumia njia hiyohiyo. Ukituma picha WhatsApp kupitia faiba, umeme wa leza unapandishwa na kushushwa zaidi ya mara bilioni 1 kwa sekunde.

Kwa leza zenye nguvu kubwa ndipo kazi inapokuwa ngumu. Zinakula umeme mwingi, na kuuchezesha umeme mzito kwa kasi hiyo ni kama kufungua na kufunga geti la godauni badala ya koki ya bomba. Zaidi ya hapo, umeme ukichezeshwa, rangi ya mwanga nayo inayumba, na safari ikiwa ndefu alama zinaingiliana. Kwa hiyo kwenye mikongo ya baharini, kama SEACOM iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, leza huachwa iwake sawasawa, halafu kifaa kingine mbele yake ndicho kinachochezesha mwanga. Yaani kioo cha Bell kimerudi kwa sura nyingine.

Hata mwanga usio na waya umerudi. Mwaka 2021 mradi wa Taara wa Marekani ulirusha intaneti kwa mwanga juu ya Mto Congo, kutoka Brazzaville hadi Kinshasa, karibu kilomita 5. Adui mmoja wa Bell bado yupo: ukungu ukiwa mzito, mawasiliano yanayumba.