Bibi Curie na Fedha ya Umma

Wapo miongoni mwetu wanaonung'unika kila Serikali inapotenga fedha kwa ajili ya utafiti wa sayansi. Husema kwamba mfanyakazi hali utafiti, na kwamba yafaa fedha hiyo igeuzwe unga na sukari. Ndugu hao twawaomba wayatazame maisha ya Bibi Marie Curie.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1867 mjini Warsaw, nchi yake ya Polandi ilipokuwa chini ya utawala wa Kirusi, na wasichana huko hawakuruhusiwa kuingia chuo kikuu. Basi yeye na dada yake wakaagana: Marie afundishe watoto katika nyumba za matajiri, ampelekee dada yake fedha za kusomea udaktari Paris, kisha dada naye amvute. Agano likatimia, na mwaka 1891 Marie akaingia Sorbonne.

Mwaka 1898 yeye na mumewe, Pierre, waligundua poloniamu na radiamu, vitu vyenye kutoa mionzi. Walifanyia kazi wapi? Katika banda lililovuja, mali ya shule ya Jiji la Paris, ambako Pierre alikuwa mwalimu. Tani ya kwanza ya mabaki ya madini waliyoyachambua walipewa na Serikali ya Austria kutoka katika mgodi wake. Bibi Curie akayapika mabaki hayo tani kwa tani, akiyakoroga kwa chuma kilichokaribia kimo chake, hata mwaka 1902 akapata chumvi ya radiamu yenye uzito wa sehemu moja ya kumi ya gramu.

Mfanyabiashara angaliicheka hesabu hiyo. Nao wenyewe hawakutaka kuimiliki njia yao ya kazi kwa hati yoyote. Waliwaachia watu wote bure.

Pierre aligongwa na gari la farasi akafa mwaka 1906. Mjane akashika nafasi yake chuoni, akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa Sorbonne. Wakati wa vita iliyoanza mwaka 1914 alipeleka magari yenye mashine za eksirei karibu na medani, ili madaktari wazione risasi ndani ya miili ya askari. Katika Taasisi ya Radiamu aliyoiongoza, binti yake Irène na mkwewe Frédéric Joliot waligundua mwaka 1934 jinsi ya kutengeneza vitu vya mionzi kwa mikono ya binadamu. Mwaka huo huo Bibi Curie akafariki kwa ugonjwa wa damu, ambao mionzi yenyewe yadhaniwa kuwa ndiyo chanzo chake.

Mwaka 1945 Serikali ya Ufaransa iliunda shirika la nguvu za atomiki, Joliot akiwa kiongozi wake wa sayansi. Mwaka 1948 tanuri la kwanza likawaka. Leo zaidi ya nusu ya umeme wa Ufaransa hutokana na nguvu hizo. Na mgonjwa wa saratani apataye tiba ya mionzi katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, naye ala matunda ya banda lile.

Hatuna budi kudai hesabu ya fedha ya utafiti, kama tudaivyo hesabu ya kila senti ya umma. Lakini tusidai mavuno kabla ya wakati wake. Mnazi haupandwi asubuhi tukaangua madafu jioni. Na asiyepanda, wanawe watanunua madafu ya jirani.