Albert Guðmundsson: kutoka uwanjani hadi uwaziri

Leo tunamkumbuka Albert Guðmundsson, mwanasoka wa kwanza wa kulipwa kutoka Iceland, nchi ambayo enzi hizo haikufikisha watu laki mbili. Alizaliwa Reykjavík mwaka 1923, akaanzia klabu ya Valur. Mwaka 1944 alikwenda Glasgow kusomea biashara, na huko akaichezea Rangers. Arsenal wakamtaka. Serikali ya Uingereza ikamnyima kibali cha kazi, akaambulia mechi mbili tu za ligi!

Wengi wangefunga mizigo. Yeye alivuka hadi Ufaransa akaichezea Nancy, kisha AC Milan ya Italia, ambako goti lilimsumbua. Aliporudi kwao aliingia kwenye siasa, akawa waziri wa fedha mwaka 1983. Alifariki dunia mwaka 1994.