Gunpei Yokoi: Fundi wa Mashine za Karata Aliyeipa Dunia Game Boy

Kama umekulia Kibich ama Kawangware, gemu ulizijulia pale kwa PlayStation: kibanda cha mabati, benchi moja, mbogi nzima imebanana na mwenye base anahesabu mechi. Stima ikipotea, basi, doo yako imeenda hivyo. Sasa kuna mzae mmoja wa Japani aliyeamini gemu inafaa kuwa bei poa na ikae na pawa kuliko kung'aa. Wasee wengi wanaocheza Pokémon hata jina lake hawalijui.

Gunpei Yokoi alizaliwa mwaka 1941, akasomea elektroniki chuo cha Doshisha pale Kyoto, na 1965 akaandikwa Nintendo. Usidhani aliingia kama mtu mkubwa. Nintendo wakati huo ilikuwa kampuni ya karata, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha mashine za karata hazisimami. Kazi ya kuboesha. Akajiundia mkono wa kuchezea, unaorefuka na kushika kitu kilicho mbali. Mdosi, Hiroshi Yamauchi, akamcheki nao. Wengine tungepigwa kalamu papo hapo. Yeye aliambiwa augeuze bidhaa, na Ultra Hand ikauza zaidi ya milioni moja.

Baadaye, akiwa kwa treni, aliona abiria amechoka na safari, anabonyeza kalkuleta tu kupitisha masaa. Hapo ndipo wazo la Game & Watch ya 1980 lilitoka. Mwaka 1982, kwa Donkey Kong ya Game & Watch, akaweka kile kimsalaba cha kusukuma juu, chini, kushoto na kulia. Shika pad yoyote leo, bado kiko.

Falsafa yake ilikuwa moja: chukua teknolojia ya kitambo, imeshuka bei na mafundi wanaijua ndani nje, kisha uitumie vile hakuna mtu amewahi kufikiria. Manze, hiyo ni jua kali kabisa. Ndio maana Game Boy ya 1989 ilikuja na skrini bila rangi, kijani kama maji ya sukuma. Atari Lynx na Sega Game Gear zilikuwa na rangi safi, lakini Game Gear ilikuwa inameza betri 6 kwa masaa machache tu. Game Boy ilitumia 4 na ikapita masaa 10 bila stress. Ukihesabu pamoja na Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Halafu Februari 1996 Satoshi Tajiri akatoa Pokémon. Mimi nimeianza majuzi, ndevu zishamea, na kitu kimenibamba ni vile haikuharakishi. Unatembea, unasoma, unasevu, unashuka mat, unaendelea kesho. Na wale 151 huwezi kuwamaliza peke yako, lazima uunganishe waya na msee mwingine mbadilishane. Game Boy iliyokuwa inazeeka ikafufuka.

Lakini Yokoi hakukaa kuila hiyo sherehe. Mwaka 1995 alikuwa ametoa Virtual Boy, mashine ya picha nyekundu za kuumiza macho, na ikaanguka vibaya kabla hata ya kufika milioni moja. Agosti 1996 akaondoka Nintendo baada ya miaka 31. Watu wakasema ni Virtual Boy imemtoa. Mimi naona ni uonevu kumpima msee na hiyo moja ukisahau zile zingine zote.

Akafungua kampuni yake, Koto, na akaanza kusaidia Bandai kuunda mashine nyingine ya mkononi. Tarehe 4 Oktoba 1997, gari alilokuwemo liligongana na lori barabarani. Akashuka kucheki uharibifu, na gari lingine likamgonga. Alikuwa na miaka 56.

Mashine ya Bandai ilitoka 1999, ikaitwa WonderSwan. Ilitumia betri moja tu. Kati ya gemu zake za kwanza kulikuwa na moja inayoitwa Gunpey.